JE, HUYO NI KICHAA KWELI?

Soma: 1 Samweli 1:9-18

Rafiki kijana, mtaani kwetu mtu akiongea peke yake tunasema ni chizi. Akilia bila sababu tunayoijua, ana pepo. Jamani, mbona tunawahi hivyo?

1. JINA LAWEZA KUWA LA UONGO
Hana alikuwa na uchungu moyoni. Akaomba, midomo ikicheza bila sauti. Kuhani Eli akamwona, akadhani amelewa! Hata wasomi wamekosea. Mwaka 1851 huko Marekani, daktari Samuel Cartwright aliandika kwamba mtumwa anayemtoroka bwana wake ana ugonjwa wa akili, akaupa na jina. Kumbe mtu alitaka uhuru wake tu.

2. KILIO SI UGONJWA
Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kilikuwa na kanuni ya kutoharakisha kumwita mgonjwa mtu aliyefiwa karibuni. Mwaka 2013 kanuni hiyo iliondolewa, na baadhi ya madaktari wenyewe wakapinga. Umemzika mama, wiki ya tatu bado unalia. Huo ni msiba. Kwanza unahitaji watu wa kukaa nawe.

3. LAKINI UGONJWA UPO
Akili huugua kama mwili unavyougua. Mtu anasikia sauti zisizosikiwa na wengine, halali usiku kucha siku nyingi, au anataka kujiua: mpeleke hospitali leo. Dawa zimewarudisha wengi kazini na nyumbani.

Mimi nilikosea hapa. Kijana mmoja aliokoka mkutanoni, nikamwambia atupe vidonge vyake. Haikupita miezi miwili, akaonekana sokoni bila nguo. Mama yake alinitazama tu, hakusema neno. Nimetubu, lakini macho yale bado nayaona.

4. UFANYE NINI?
Umepewa vidonge? Muulize daktari: Ninaumwa nini? Dawa hii inafanya nini? Ina madhara gani? Nitaimeza mpaka lini? Ni haki yako kuuliza. Ukiona ni nyingi au inakulemea, mrudie akupunguzie kidogo kidogo. Usiache ghafla, hata akikwambia mhubiri! Maombi na vidonge havigombani.

Rafiki, Eli alimsikiliza Hana, akabadili neno lake, akambariki. Hana akaenda zake amechangamka. Je, wewe wiki hii umemwita nani chizi? Nenda kwake leo, keti naye, msikilize.