Kabla ya Wakili, Pita Masjala

Mdogo wangu wa Kihonda, barua yako nimeisoma mara tatu. Kurasa sita. Umemwelezea nesi aliyekujibu ovyo, daktari aliyechelewa, na mama mkwe aliyekuambia "ndiyo uzazi huo". Nilichokuwa nakitafuta humo sikukiona: mkononi una karatasi gani?

Maana hakimu hakuwepo leba. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa kwenye uchungu. Wakili wa upande wa pili atakuuliza daktari alifika saa ngapi, nawe utajibu "usiku usiku hivi". Hapo ndipo utakapoitamani karatasi.

Kadi uliyorudi nayo nyumbani imeandikwa mtoto alizaliwa amechoka. Huo ni mwisho wa habari tu. Habari yenyewe iko kwenye faili lililobaki hospitali, na zaidi kwenye karatasi moja yenye vijichumba na mistari ya mshazari ambayo wakunga wanaiita patografu. Uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kuandikwa humo kila nusu saa, na njia kupimwa kila baada ya saa 4. Ukikuta mapigo yameandikwa saa 4 usiku, kisha vijichumba vitupu mpaka saa 9 alfajiri, utupu huo utakusaidia kuliko kurasa zako sita. Na ukikuta vyote vimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kana kwamba mtu aliketi akavimaliza kwa mkupuo, wakili wako atalitazama hilo kwa jicho la pekee. Tafuta pia alama za Apgar, zile za hali ya mtoto akishazaliwa, za dakika ya 1 na ya 5, maandishi ya makabidhiano ya zamu, na kama ulipasuliwa, fomu ya ridhaa uliyosaini.

Sasa nikuambie la kuuma. Huenda faili likaonyesha kila kitu kilifanyika kwa wakati wake. Mtoto anaweza kuchoka hata mikononi mwa mkunga hodari. Mahakama haitaishia kuuliza kama mtoto ameumia. Itauliza kama muuguzi au daktari makini, mwenye ujuzi wa aina ile, angefanya vile walivyofanya, na kama kosa lao ndilo lililomdhuru mtoto. Kwa hiyo faili linahitaji kusomwa na daktari mwingine wa uzazi, asiye wa hospitali ile, atakayekubali kusimama mbele ya hakimu. Kumpata ni kazi. Madaktari wanajuana, wengine walilala bweni moja.

Kulipata faili lenyewe je? Andika barua kwa mganga mfawidhi. Taja jina lako kamili, namba ya faili, tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa, na uombe nakala ya faili zima. Usiridhike na "ripoti", kwa sababu ripoti huandikwa baada ya mambo kuharibika. Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuziona taarifa zako. Wakikugomea, wakili ataiomba mahakama iwaamuru. Na kama ulitibiwa kwa bima, orodha ya huduma ambazo hospitali ilidai malipo yake kwa mfuko wa bima, NHIF, ni ushahidi wa pembeni. Ikitofautiana na faili, kuna mtu wa kulieleza hilo.

Muda usikudanganye. Madai ya uzembe yana miaka 3, na hospitali ikiwa ya serikali hutangulia notisi ya siku 90. Mtoto mwenyewe sheria humsubiri mpaka atimize miaka 18, lakini masjala ina panya, paa linavuja, na watunza mafaili wanahamishwa. Baraza la Madaktari Tanganyika unaweza kulipelekea malalamiko pia. Hilo linaweza kumwadhibu daktari, ila fidia ni ya mahakamani.

Nyinyi wengine mlioniandikia mna habari za bodaboda na za kipigo. Kwenu karatasi ya kwanza ni PF3, ile fomu ya polisi. Damu ikiwa inachuruzika, okoeni uhai kwanza, lakini fomu isilale. Na muwe makini na mnachomwambia daktari, kwa sababu anaandika kile alichoambiwa. Mmoja wenu alifika hospitali jicho limevimba, akasema ameanguka bafuni, kwa kuwa mume alikuwa amesimama mlangoni ameshika mkoba wake. Miezi minane baadaye, siku ya kesi, "ameanguka bafuni" ilisomwa kwa sauti, polepole. Omba kuonana na daktari peke yako. Sema ukweli uandikwe, hata kama leo huna nia ya kumshtaki mtu.

Wa bodaboda, tajeni kila panapouma, hata padogo. Goti linaloanza kusumbua wiki ya tatu bila kuandikwa popote, kampuni ya bima itasema mliumia kwenye ndondo. Risiti wekeni zote: dawa, magongo, hata nauli ya kwenda kliniki. Picha za eksirei msizilaze chini ya godoro. Zinakunjika, kisha mtaalamu anaona mikunjo badala ya mfupa.

Wa Kihonda, narudi kwako. Usiandike chochote juu ya ile kadi, hata tarehe unayoikumbuka vizuri. Nunua daftari, uandike humo usiku wote ule jinsi unavyoukumbuka: nani aliingia, nani aliitwa hakuja, ulisikia adhana kabla au baada ya mtoto kutoka. Umetaja pia mama wa kitanda cha pili aliyekuwa anakupigia kelele za kumwita nesi. Huyo aliona yote. Namba yake ya simu unayo?