Mume wangu anaona vitu viwili viwili

SWALI: Daktari, mume wangu ni mfanyakazi wa kiwanda hapa Shituru, Likasi. Tangu juma lililopita kila kitu anakiona viwili, na jicho lake la kushoto limevutwa upande wa pua. Tumnunulie miwani?

JIBU: Hapana Mama, msikimbilie miwani. Kwanza afunike jicho moja, kisha lile jingine. Akiendelea kuona viwili kwa jicho moja tu, kasoro imo ndani ya jicho hilo, mara nyingi mtoto wa jicho. Vikirudi kuwa kimoja kila anapofunika, basi macho hayalengi mahali pamoja.

Daktari atakayempima atauliza: picha zimekaa ubavu kwa ubavu, au moja juu ya nyingine? Zinaachana zaidi akitazama wapi? Atamwambia afuate kalamu kwa macho, kichwa kimetulia. Jicho la kushoto likigoma kwenda nje, na picha zikaachana zaidi akitazama kushoto na mbali, shaka ni neva ya sita, ile inayoongoza msuli wa kulivuta jicho nje. Pembe ya kupinda kwa jicho hupimwa kwa prizimu, yaani kioo kinachopindisha mwanga.

Mwenye makengeza ya utotoni kwa kawaida halalamiki hivi, maana ubongo umezoea kupuuza picha ya jicho moja. Ya ukubwani ni habari nyingine. Apimwe sukari na presha mapema, na kama aligongwa kichwa kazini, aseme bila kuficha.

Kope ikilegea, mboni ikipanuka au kichwa kikiuma ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kwa sasa asiendeshe gari wala asipande ngazi za kiwandani.