KIPEPEO MMOJA AU WAWILI?

Wenzangu wapenzi wa Kiswahili, hili ni somo la bayolojia, lakini hebu tulisome kwa lugha yetu. Hapa Myanga, tulipofika mada ya uainishaji, mabishano yalizuka darasani: je, viumbe wakitofautiana rangi, ndio spishi mbili? Kuna kipepeo wa Kenya anayeweza kutuamua.

Jina lake la kisayansi ni Danaus chrysippus, alilopewa na Linnaeus mwaka 1758. Mabawa yake ni ya rangi ya machungwa, na ncha za yale ya mbele ni nyeusi zenye mkanda mweupe. Ana mwenzake aitwaye dorippus, ambaye ncha hizo nyeusi hana. Dorippus ndiye mwingi upande wa mashariki mwa Kenya. Karibu na Nairobi wote wawili hukutana na kuzaana.

Mwaka 2005 wanasayansi walilinganisha maumbile na DNA, wakapendekeza kwamba hao ni spishi mbili. Basi mambo yakaisha? La hasha! Mwaka 2020 watafiti wengine walichapisha matokeo ya kusoma DNA yote ya vipepeo hawa. Kumbe sehemu kubwa imechanganyika, na tofauti zimejazana mahali pachache tu katika kromosomu, hasa penye jeni za rangi. Hiyo sio dalili ya spishi zilizokwisha kutengana.

Ajabu nyingine ni kwamba baadhi ya majike wa Nairobi wana bakteria aitwaye Spiroplasma, ambaye huua watoto wa kiume wangali ndani ya yai. Bakteria huyu hurithiwa kwa mama, na DNA ya mitokondria vilevile, kwa hiyo viwili hivi husafiri pamoja. Anayeainisha kwa mitokondria pekee anaweza kupotoka. Ni kama kuutafuta ukoo wangu kwa mama na nyanya mzaa mama tu. Je, baba na babu tuwaweke wapi?

Mtasema, jina lina faida gani? Jamani, huwezi kuhesabu wala kulinda kiumbe usiyejua ni yupi.

Mafunzo ni matatu:
1. Rangi pekee haitoshi.
2. DNA ni shahidi, sio hakimu. Shahidi mmoja hamalizi kesi.
3. Jina la kisayansi laweza kubadilika ushahidi mpya ukipatikana.

Wahenga hawakukosea waliponena: umdhaniaye ndiye, kumbe siye.