Faida ipo, pesa haipo

Swali: Kampuni ya Chewele hununua mahindi ya wakulima wa Bura kwa pesa taslimu, kisha huziuzia shule kwa mkopo. Mbona ina faida lakini mfuko mtupu?

Jibu: Pesa zimelala ghalani na kwa wanaodaiwa. Gunia likikaa siku 20, shule ikalipa baada ya 60, mtaji hurudi siku ya 80. Mauzo yakikua, pengo hupanuka.

Ankara itolewe siku ileile ya kupeleka mzigo, na sehemu ya malipo iombwe mapema. Wakulima wakiombwa subira, waongezwe bei kidogo. Nao wana karo ya kulipa.

Mkopo uje mwisho. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ya Kenya uliozinduliwa Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, ila mkopo wake wa kibinafsi hulipwa ndani ya siku 14. Haungoji shule.