Maji ya Kisima cha Ufukweni na Presha

Mwezi huu tunawapeleka Kunduchi, Mbezi Beach na ng'ambo ya Kigamboni. Huko, jirani na vijiji vya wavuvi, wamejenga wageni wengi wa kutoka nje pamoja na wastaafu wetu waliotimiza miaka 60 na kupokea kiinua mgongo. Pametulia, upepo ni mwanana, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, si lazima tena kungojea pantoni.

Mstaafu mmoja wa huko alitushangaza. Dawa za presha alimeza kila siku, chumvi ya mezani ameiacha, lakini kipimo kiligoma kwenye 160 kwa 100. Tulipomtembelea tukakaribishwa maji ya kunywa. Ni ya chumvi! Yeye alikwisha kuyazoea. "Lakini tunayachemsha," mama akatuambia.

Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Chumvi si kijidudu. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe hubaki yote sufuriani, na yale yaliyobaki huzidi ukali. Klorini nayo haiiondoi, wala kitambaa cha kuchujia.

Inatoka wapi? Chini ya ardhi ya pwani maji baridi huelea juu ya maji ya bahari, maana ni mepesi zaidi. Kwa makadirio, maji baridi yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, yapo mengine chini yake hadi kina cha mita 40 hivi. Pampu ikiyashusha nusu mita tu, chumvi yaweza kupanda mita 20. Basi kila jirani akichimba chake na kumwagilia bustani mchana kutwa, kisima kilichokuwa kizuri hugeuka polepole, na ulimi hauna habari.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Kisima chenye gramu 1 kwa lita kinampa anywaye lita 2 karibu nusu ya kiasi hicho, kabla hajagusa mchuzi wala ng'onda. Wajawazito pia wahadhari: huko Bangladesh watafiti wameyahusisha maji ya namna hii na presha ya mimba.

Maji ya mvua ndiyo nafuu iliyo karibu. Bati la mita 10 kwa 5, mvua ikinyesha milimita 10, hutoa lita 400 na zaidi. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati, na tangi lifunikwe, mbu wasizaliane. Kisima kibaki cha kufulia na kudekia. Dawa msiache, na mganga aambiwe mnakunywa maji gani. Mara nyingi haulizi.

Mzee wetu sasa anakunywa ya mvua. Analalamika kwamba hayana ladha.