Kuichunga programu mtandao unapokatika

SWALI: Nimeunda programu ya stoo ya dawa hapa Wete, data iko kwenye PostgreSQL. Seva ya uangalizi iko Unguja, na mtandao hukatika. Nitumie Prometheus au Zabbix? Na kwa hifadhidata, pgAdmin au DBeaver?

JIBU: Kwa hali yako, Zabbix. Prometheus, iliyoanzia SoundCloud mwaka 2012, huja yenyewe kuchota vipimo kwenye seva yako. Mtandao ukikatika, saa hizo hubaki pengo, na ndizo hasa unazohitaji kuziona. Zabbix ina proksi. Iweke hapo Wete, hata kwenye kompyuta ndogo: itakusanya vipimo, ivihifadhi, ivipeleke Unguja mtandao ukirudi. Ila ongeza thamani ya ProxyOfflineBuffer kwenye mipangilio ya proksi, kwani isipoguswa huhifadhi saa 1 tu. Mwisho wake ni saa 720. Ukiipenda sana Prometheus, isimike hukohuko Wete.

Kwa PostgreSQL peke yake pgAdmin inatosha. Ukiwa na MySQL pia, chukua DBeaver ya bure. Nakuomba jambo moja: usiiache poti 5432 wazi kwenye intaneti. Pitia SSH, na anayetazama ripoti mpe akaunti ya kusoma tu.