Chakula cha Mahafali: Tupange Saa Kabla ya Kupanga Sufuria



Katika somo la mwezi huu tunazungumzia jambo la furaha, yaani chakula cha mahafali. Katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, msimu wa mahafali unapofika wazazi huchangishana, kamati huundwa, ng'ombe au mbuzi hutafutwa, na akina mama huamka usiku kuwasha moto. Hayo yote ni mema. Lakini sisi wauguzi tunajua kuwa sherehe iliyoanza kwa vigelegele yaweza kuishia wodini, watu wakitapika na kuharisha.

Tukumbuke pia kwamba hapa nchini mahafali mengi hufanyika kabla ya mtihani wa taifa. Darasa la Saba hufanya mtihani wao Septemba, na Kidato cha Nne huanza Novemba. Ugonjwa kama homa ya matumbo hujitokeza wiki 1 hadi 3 baada ya mtu kula au kunywa kitu kichafu. Hivyo kijana anaweza kula chakula kibaya siku ya kupongezwa, akaugua siku ya mtihani. Ndiyo maana chakula hiki kinahitaji kupangwa kwa makini.

KWA NINI CHAKULA CHA SHEREHE HULETA UGONJWA?

Nyumbani mama hupika wali wa watu 8. Ukiiva unapakuliwa na kuliwa ungali moto. Kwenye sherehe mambo ni tofauti. Wali wa watu 200 huanza kupikwa alfajiri ili "tusichelewe". Ratiba inasema chakula ni saa 7 mchana. Mgeni rasmi anafika saa 9. Risala inasomwa, vyeti vinagawiwa, hotuba zinatolewa. Watu wanakula saa 11 jioni chakula kilichoiva saa 3 asubuhi. Muda huo wote chakula kimekaa vuguvugu ndani ya jungu.

Hapo ndipo penye hatari. Vijidudu huzaana haraka katika chakula ambacho si cha moto sana wala si baridi sana, yaani kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Shirika la Afya Duniani, katika mafundisho yake ya Kanuni Tano za Chakula Salama yaliyotolewa mwaka 2001, linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuwa juu ya moto au mahali pa baridi. Jungu kubwa lina tatizo lake zaidi: linapoepuliwa, katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu huo vijidudu huupenda.

Wengi husema, "Tutapasha tena, vijidudu vitakufa." Si kweli kwa vijidudu vyote. Tuangalie aina tatu:

1. Vijidudu vya wali. Hivi hujifunika ganda gumu na kustahimili kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, huamka, huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo yaweza kubaki hata wali ukipashwa moto. Mtu huanza kutapika baada ya saa 1 hadi 6.

2. Vijidudu vya mikono na vidonda. Mpishi mwenye jipu, kidonda kidoleni au anayepenga kamasi huviingiza kwenye chakula. Sumu yake pia haiondoki kwa kupasha moto. Kutapika huanza ndani ya saa chache.

3. Vijidudu vya nyama na mchuzi mzito uliokaa kwenye jungu kubwa. Hivi huleta maumivu ya tumbo na kuharisha, kwa kawaida baada ya saa 6 hadi 24. Mtu hulala mzima, usiku akaamka akikimbilia chooni.

Mnaona basi kuwa ubora wa pilau si viungo peke yake. Swali la kwanza ambalo kamati inapaswa kujiuliza ni hili: kutoka motoni hadi kwenye sahani, ni saa ngapi?

TUPANGE KWA KURUDI NYUMA

Kamati ianze na saa ya kula, kisha irudi nyuma. Tuchukue mfano wa wageni 200 watakaokula saa 8 mchana.

Kwanza, kiasi. Mchele wa gramu 100 hadi 120 kwa mtu unatosha, yaani kilo 20 hadi 24. Nyama yenye mifupa, gramu 150 kwa mtu, ni kilo 30. Maji ya kunywa yawe lita 1 kwa mtu, maana Septemba na Oktoba ni miezi ya joto: hizo ni lita 200. Ongezeni lita 100 za kunawa mikono. Maji ya kupikia na kuoshea vyombo ni mbali na hayo. Kupika kupita kiasi kwa ajili ya sifa huzaa viporo, na viporo huzaa wagonjwa.

Pili, saa:

- Jioni ya kuamkia sherehe: chagueni mchele, loweka maharage, osheni vyombo vyote, chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote sawasawa, yafunikeni yapoe. Msipike nyama wala wali usiku huo.
- Saa 12 asubuhi: mnyama achinjwe na kukaguliwa, au nyama iliyokaguliwa ichukuliwe buchani.
- Saa 2 hadi saa 3: nyama na maharage viwe motoni. Nyama mbichi isikae juani ikingoja kuni.
- Saa 6: sufuria ya kwanza ya wali. Saa 7: sufuria ya pili. Tumieni sufuria nne za kilo 5 au 6, kuliko jungu moja kubwa la kilo 24.
- Saa 7 na nusu: kachumbari ikatwe. Nyanya na vitunguu vioshwe kwa maji safi, na kisu kilichokata nyama mbichi kisikate kachumbari.
- Saa 8: watu wale.
- Saa 10: chakula chochote kilichokaa bila moto tangu saa 8 kimwagwe.

Je, mgeni rasmi akichelewa? Tunashauri njia mbili. Ya kwanza ni kukubaliana mapema kwamba chakula kitaliwa kwa saa yake, na hotuba zitafuata watu wakiwa wameshiba. Ya pili ni kuacha sufuria mbili za mwisho zisiwashiwe moto mpaka mgeni ameonekana. Mchele mkavu hauharibiki kwa kungoja, wali ndio unaoharibika. Nyama iliyoiva ibaki juu ya makaa, ikifuka mvuke, na igeuzwe mara kwa mara ili joto lifike kote. Kama mnaweza kuimeza bila kuipuliza, basi imeshapoa mno.

Kuhusu ndafu, mbuzi mzima wa kubanika, tuwe waangalifu zaidi. Nje huweza kuwa na rangi nzuri, ndani ya paja kukawa na damu. Kabla ya kumpamba, chomeni kisu mpaka kwenye mfupa. Maji yanayotoka yakiwa mekundu, arudi motoni.

HATARI ZA MAENEO YETU

Maji. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yanayosukumwa kutoka Ihelele yamefika Shinyanga na Kahama, na ni msaada mkubwa. Hata hivyo familia nyingi bado huchota kwenye visima vifupi na malambo, na kwenye machimbo watu ni wengi kuliko vyoo. Mwaka 2024 kipindupindu kilipita tena katika Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo. Kwa hiyo maji ya kunywa na ya kutengenezea juisi yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Barafu iliyogandishwa kwa maji ya kisima ni sawa na kunywa maji ya kisima. Wekeni vibuyu chirizi na sabuni sehemu mbili: karibu na choo, na mahali pa kupakulia. Beseni moja la kunawia watu wote kwa zamu halinawishi, linagawa uchafu.

Nyama. Sisi ni watu wa ng'ombe, na ng'ombe akifa huuma moyo. Lakini ng'ombe au mbuzi aliyekufa mwenyewe asiingie kwenye sherehe hata kama bei yake ni ndogo. Anaweza kuwa amekufa kwa kimeta. Kumchuna tu kunaweza kumwambukiza mchinjaji, na kupika hakumfanyi kuwa salama. Nyama iwe imekaguliwa na mtaalamu wa mifugo.

Vyombo. Jambo hili ni la pekee kwa wenzetu wa maeneo ya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu na Rwamagasa huko Geita, au Mwakitolyo huku Shinyanga. Vyombo vya sherehe vikipungua, watu huazimana mabeseni, makarai na mapipa. Msiazime chombo chochote kilichotumika kuoshea mchanga wa dhahabu, kushikia zebaki, kuichomea, au kuhifadhi dawa za mgodini. Zebaki haiondoki kwa sabuni. Ikipata moto hugeuka mvuke usioonekana, ambao huingia mapafuni kwa kuvutwa. Hudhuru ubongo na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Chombo cha mgodini kibaki mgodini. Ni heri watu wale kwa awamu kuliko kula kwenye karai la zebaki.

FUNGU LA WALIOBAKI NYUMBANI

Mama mwema hamsahau mtoto aliyebaki nyumbani na bibi. Hufunga kipande cha nyama na wali, akauweka mfukoni, akasikiliza hotuba, akapanda baiskeli au gari, akafika usiku. Mtoto wa miaka 2 anaamshwa ale. Chakula hicho kimekaa saa 8 au zaidi, na anayekila ndiye mdogo na dhaifu kuliko wote waliokula siku hiyo. Kwa mtoto huyo kuharisha kunaweza kuwa kifo.

Kwa hiyo, kama nyumbani ni karibu, fungu lao lipelekwe mara tu chakula kinapoiva. Kama ni mbali, wapelekeeni soda, ndizi, machungwa, karanga au keki isiyo na krimu. Upendo ni uleule, na tumbo linabaki salama.

MTU AKIUGUA

1. Apewe maji yenye chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi. Kama hakuna, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visijazwe kichuguu. Anywe kidogokidogo, hata kama anatapika.

2. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kituo cha afya kitampa pia vidonge vya zinki.

3. Msimpe dawa za kufunga kuharisha wala dawa za viuavijasumu bila ushauri wa mganga.

4. Mkimbizeni hospitali mara moja mkiona haya: anaharisha maji mengi kama maji ya mchele, kuna damu kwenye choo, anatapika kila kitu, macho yamedidimia, hakojoi, amelegea au ana homa kali.

5. Wakiugua watu wengi, mwambieni afisa afya au mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo. Chakula kilichobaki kisiliwe na mtu wala mnyama, lakini sehemu yake itunzwe kwenye chombo kilichofunikwa ili kipimwe. Msifiche kwa kuona aibu.

TUSITAFUTE MCHAWI

Jambo la mwisho ni zito. Watu 20 wakitapika usiku mmoja, maneno huanza: "Nani alishika mwiko? Nani hakufurahi mtoto wa fulani kufaulu?" Mikoa yetu imebeba kwa miaka mingi huzuni ya wazee, hasa bibi zetu, kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Wengine walituhumiwa kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho hayo yalitokana na moshi wa jiko walilopikia watoto na wajukuu miaka yote.

Kabla ya kutaja jina la mtu, ulizeni maswali haya. Walioumwa walikula nini ambacho wazima hawakukila? Chakula hicho kiliiva saa ngapi, kikaliwa saa ngapi? Walianza kuumwa baada ya saa ngapi? Mara nyingi jibu litaonekana kwenye wali uliokaa tangu asubuhi, au kwenye kidole chenye jipu. Kama bado mna mashaka, kazi ya kuchunguza ni ya afisa afya na vyombo vya sheria, si ya majirani wenye hasira. Familia inayoelewa saa za chakula inaweza kuokoa wanafunzi wake, na pia kumwokoa bibi asiye na kosa.

Tunawatakia wahitimu wetu mitihani mema na afya njema.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Katika sherehe ya mwisho mliyohudhuria, chakula kiliiva saa ngapi na kililiwa saa ngapi?
2. Nani katika kamati yetu atakuwa na mamlaka ya kusema, "Sasa watu wale," hata kama mgeni rasmi hajafika?
3. Vyombo vyetu vya sherehe tunaviazima wapi, na vilitumika kwa kazi gani kabla?
4. Tutafanya nini ili wazee wetu wasinyoshewe kidole watu wanapougua?